Jenerali Aliyeacha Kuonja

Wifi yangu ana kichwa kigumu. Nalisema hili mapema ili msije mkanishutumu kwamba namsengenya. Nimeshamwambia usoni mara nyingi tu, na yeye kanijibu. Ni mpishi mkuu wa kantini ya kiwanda cha sabuni, mwaka wa ishirini na sita huu, na kule jikoni hakuna anayemwita kwa jina lake. Wanamwita Jenerali. Mimi ni fundi cherehani, nashonea nyumbani, na tunaishi pamoja tangu kaka yangu, ambaye ndiye aliyekuwa mume wake, alipofariki kwa kiharusi miaka minne iliyopita. Majirani walisema mawifi wawili ndani ya nyumba moja watang'oana macho. Tumegombana, sikatai, lakini macho yote manne bado tunayo.

Ni mwanamke mfupi, mpana wa mabega, na sauti yake inavuka uwanja wa kiwanda bila kuhitaji simu. Kila siku ya kazi anapikia watu mia tatu. Ana masufuria matano makubwa, kila moja la watu sitini, na mwiko mrefu kama mpini wa jembe. Mchuzi wa nyama, maharage, kabichi, wali, supu ya mboga: saa sita na nusu kengele ikilia, chakula kiko tayari, na katika miaka yote hiyo kengele haijawahi kumtangulia. Hapimi kitu kwa kikombe wala kwa mizani. Chumvi anaitia kwa konzi ya mkono, konzi tatu kila sufuria, halafu anaonja, anakunja uso, anaongeza kidogo, anaonja tena. Watu wa kiwandani wanakwambia hakuna mchuzi kama wa Jenerali. Mimi nilikuwa sijawahi kumwambia, maana wifi ukimsifu sana anakuzoea.

Basi kila mwaka wapishi wote wa kantini wanapimwa afya kabla ya kupewa cheti cha kuendelea na kazi. Mwaka huu alikwenda akicheka na kurudi kimya. Alivua viatu mlangoni, akakaa, akanipa karatasi. Presha mia na sabini na nne juu, mia na sita chini.

"Mashine yao mbovu," akasema. "Mimi siumwi popote. Kichwa hakiniumi, moyo haunidundi. Mtu mgonjwa anabeba gunia la mchele?"

"Walikupima mara ngapi?"

"Tatu."

"Na mashine ngapi?"

Akanitazama kwa hasira. "Mbili."

Mimi niliogopa, na sioni haya kusema. Kaka yangu naye alikuwa haumwi popote. Alikuwa anabeba, anacheka, anashangilia mpira, na hakuna aliyewahi kumfunga ule mkanda wa kupimia mkononi mpaka siku alipoanguka. Nilikunja ile karatasi vizuri nikaiweka kwenye droo ya cherehani, kisha nikaanza vita.

Daktari alikuwa amempa kidonge kimoja kila asubuhi, akamwambia apunguze chumvi kabisa na arudi baada ya mwezi. Kupunguza hakukunitosha. Kopo la chumvi nililihamishia kwa jirani. Vile vidonge vya mchuzi vya kwenye karatasi nikavitupa, maana nilisoma ubavuni nikakuta chumvi imetangulia kuandikwa kuliko kitu kingine chochote. Tukaanza kula kwa ndimu, kitunguu saumu, tangawizi, pilipili manga na vitunguu vilivyokaangwa mpaka vikawa vya rangi ya kahawia. Wiki ya kwanza ilikuwa mateso. Nilitafuna kabichi huku nikimlaani daktari kimoyomoyo. Yeye alikula yote, akasafisha sahani, akameza kidonge chake kila asubuhi mbele yangu na kufungua mdomo nione kimeshuka. Utii wa namna hiyo, kwa mtu wa namna ile, ulinitia wasiwasi.

Mwezi ukaisha, akarudi kupimwa. Mia na sitini na nane, mia na mbili.

Daktari hakumpigia kelele. Alimweleza taratibu, na baadaye wifi alinisimulia neno kwa neno. Alisema jikoni kule sakafu ina maji, masufuria yanachemka, na mtu mwenye presha ya kiasi kile akipata kizunguzungu hapo, hataungua peke yake. Akamwongezea dawa kidogo na kumpa wiki sita. Presha ikishuka, atasaini cheti. Isiposhuka, hataweza kusaini, na kiwanda kitamhamishia kwenye dirisha la tiketi za chakula.

"Tiketi!" Wifi alisimama katikati ya chumba, mkoba bado begani. "Mimi nikae kwenye kiti, nichane vikaratasi, nisikie mtu mwingine anakoroga masufuria yangu nyuma ya ukuta!"

Kisha akalia. Sikuwa nimemwona akilia tangu mazishi. Nikapika chai, nikakaa karibu naye, na tukakubaliana kwamba hilo dirisha hatalikalia.

Lakini mimi nilikuwa na swali lililonikera. Mtu anayekula kabichi isiyo na chumvi mwezi mzima na kumeza dawa kila siku, kwa nini presha yake inashuka nukta sita tu? Nikajibu mwenyewe: anaiba. Ana kitu anakula huko njiani, karanga za chumvi au viazi vya kukaanga, halafu anarudi kwangu kujifanya mtakatifu. Kwa hiyo siku moja, alipokuwa anaoga, nilifungua mkoba wake. Nilikuta kitana, leso, kopo la dawa, na kichwa kimoja cha kitunguu saumu. Nilipoinua uso, alikuwa amesimama mlangoni na taulo kichwani.

"Umepata?" akauliza.

Niliufunga mkoba. Yeye alikuwa na mengi ya kusema. Alisema mimi si wifi bali ni askari magereza, kwamba kaka yangu asingemfanyia hivyo, kwamba amekula majani kama mbuzi kwa ajili ya kuniridhisha. Tulinuniana siku tatu. Mezani redio ndiyo iliyozungumza.

Siku ya nne, kiwanda kikaleta kazi. Walitaka aproni mpya kumi na mbili za wapishi, na fundi aliyekuwa karibu ni mimi. Nilifurahi kwa sababu ya kazi, na nilifurahi zaidi kwa sababu sasa angelazimika kuongea na mimi, maana huwezi kumpima mtu kiuno huku amekununia. Nilichukua futi ya kupimia, daftari na chaki yangu ya kushonea, nikaingia jikoni kwake saa mbili asubuhi kwa mara ya kwanza maishani.

Jamani, lile si jiko, ni kambi. Mvuke umejaa hadi darini, watu wanapishana na ndoo, na katikati Jenerali anaelekeza kwa mwiko. Msaidizi wake ni bwana mmoja mwembamba wa umri wangu mimi, mifupa mitupu, ambaye kwa utundu wa wenzake wanamwita Tembo. Nilipewa meza ndogo karibu na mlango wa stoo, na wapishi wakawa wananijia mmojammoja nikiwapima. Kazi ya kupima watu kumi na mbili ni ya nusu saa, lakini kwa sababu hawakuweza kuacha masufuria yao wote kwa pamoja, nilikaa pale asubuhi nzima. Na mimi nikikaa, naangalia.

Niliona anachota mchuzi kwa upawa, anaudondoshea kwenye kiganja, analamba. Akatia konzi ya chumvi, akakoroga, akachota, akalamba. Akahamia kwenye maharage, akalamba. Kabichi, akalamba. Akarudi kwenye mchuzi kuangalia kama chumvi imeingia kwenye nyama, akalamba mara mbili. Nilichukua chaki na kuchora mstari mmoja ukingoni mwa meza. Sijui hasa kwa nini. Fundi akiona kitu kinajirudia, mkono wake unataka kukipigia alama. Kila alipolamba, nikachora mwingine.

Kengele ilipokaribia nikahesabu. Mistari hamsini na mitatu, na ile ya dakika za mwanzo sikuichora.

Watu walipokwisha kupakuliwa, alikuja kukaa karibu nami, akajifuta jasho.

"Umeshakula?" nikamuuliza.

"Nile nini? Hiki chetu chote kina chumvi. Nina kabichi yako kwenye kikopo. Tangu chai ya asubuhi sijatia kitu mdomoni."

"Kitu chochote?"

"Wifi, usianze tena."

"Hebu tazama hii mistari."

Akatazama. "Ni ya nini?"

"Ni wewe. Kila mstari ni mara moja umelamba kiganja."

Alicheka kwa sauti, akamwita Tembo na wengine waje kusikia kichekesho. "Wifi yangu anasema nimekula! Haya niambieni, kuonja ni kula?"

Wote kumi na mmoja, bila hata mmoja kusita, wakasema siyo. Tembo alishangaa kabisa. Alisema mpishi hali mpaka watu wamalize, huo ndio utaratibu wa kazi, na kuonja ni sehemu ya kupika sawa na kukoroga. Hakuna aliyekuwa anadanganya. Nilizitazama nyuso zile nikaelewa kwamba kwao wote kile kinachopita kwenye kiganja hakijawahi kuhesabiwa kuwa chakula, na nikamwonea wifi huruma. Mwezi mzima alikuwa amesema kweli, na mimi nilikuwa nimepekua mkoba wake.

Nilimwomba radhi palepale, mbele ya jeshi lake lote. Kisha nikamwambia tufanye jaribio. Kesho, kila atakapoonja, Tembo achote kiasi kilekile na kukitia kwenye bakuli tupu. Basi. Tuone kitakachopatikana.

"Hakitajaza hata kijiko," akasema Jenerali.

Kesho yake, saa sita na robo, lile bakuli la supu lilikuwa limejaa hadi ukingoni. Nilikuwepo, maana nilikuwa nimejitafutia kisingizio cha kusahau kipimo cha mtu mmoja. Mchuzi, maharage, maji ya kabichi na supu, vyote vimechanganyika, na mafuta yanaelea juu. Jiko zima lilikuja kuchungulia. Jenerali aliliangalia bakuli lile, mikono kiunoni.

"Hilo lote," akasema polepole, "liko tumboni mwangu?"

"Kila siku," nikamwambia. "Miaka ishirini na sita."

Watu walipokwisha kupakuliwa, tulilifunika kwa sahani na kulipeleka kwa sista wa zahanati ya kiwanda, sisi watatu, Tembo akilibeba kwa mikono miwili. Sista ni mama mmoja mcheshi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alionja tone moja kwa ncha ya kijiko, akakimbilia maji.

"Jenerali! Hii chumvi unaipimaje?"

"Kwa mkono."

Sista akatupeleka wote stoo, akamwambia atie konzi tatu za kawaida kwenye mfuko, tukaupima mfuko ule kwenye mizani. Ulisoma robo kilo na ushee. Kwa sufuria la watu sitini, sista akapiga hesabu kwenye kiganja chake kwa kalamu, kila mtu anapata karibu kijiko kizima cha chai cha chumvi kwa mlo mmoja, kabla ya kuhesabu vidonge vya mchuzi. Na kijiko kimoja cha chai, akasema, ndicho mtu mzima asichotakiwa kukizidi kwa siku nzima, pamoja na ile iliyojificha kwenye mkate na vitu vya kopo. Yeye Jenerali, kwa bakuli lile peke yake, alikuwa anamaliza chumvi ya siku kabla hajagusa chakula.

"Lakini nilikuwa nauzuia mkono," wifi akalalamika. "Zamani walinisifia kwamba nina mkono wa kiasi."

"Zamani, labda ndiyo," sista akasema. "Ulimi unazoea. Leo unatia kiasi, mwaka kesho hausikii, unaongeza. Na watu unaowalisha nao wanazoea pamoja nawe. Mkono wako umekuwa ukifuata ulimi, na ulimi umekuwa ukiziba taratibu."

Akamweleza na mengine, ambayo mimi nilikuwa nimeyasikia nusunusu. Chumvi inavuta maji na kuyashikilia mwilini. Maji yakizidi, damu inajaa kwenye mishipa, na moyo unalazimika kusukuma kwa nguvu zaidi, saa zote, hata mtu akiwa amelala. Kwa mwenye presha mzigo huo ni mbaya zaidi. Dawa inajitahidi kuyatoa maji na kuilegeza mishipa, na chumvi inarudisha yaleyale.

Jenerali alitikisa kichwa. "Yaani ni kama mpira wetu wa kuoshea sakafu, wewe unafunga bomba na mimi nafungulia."

"Hapohapo," sista akasema. "Na habari nzuri ni kwamba ulimi unarudi. Ukipunguza polepole, baada ya wiki kadhaa utaisikia chumvi pale ambapo leo huisikii."

Tulipotoka nje nilidhani kazi imekwisha. Kumbe ndiyo ilikuwa inaanza, kwa sababu Jenerali alisimama katikati ya uwanja akasema hawezi. Mpishi haachi kuonja. Atapikaje, kwa masikio? Atawapa watu mia tatu kitu ambacho hakijui? Heri hilo dirisha la tiketi. Mimi nikafungua mdomo nimpe maneno yangu, lakini Tembo akanitangulia.

"Jenerali," akasema, "mimi nina ulimi."

Jenerali akamgeukia kama vile hajawahi kumwona. Miaka kumi na nne wamefanya kazi bega kwa bega, na hajawahi hata siku moja kumwachia mwenzake aseme neno la mwisho juu ya sufuria. Kila mtu pale kiwandani alijua pia kwamba akitoka Jenerali, anayeingia ni Tembo. Angekaa kimya tu, wiki sita zingempa kiti.

"Utaniambia kweli?" akamuuliza.

"Nimewahi kukudanganya?"

"Hujawahi kuniambia kitu chochote!"

"Hujawahi kuniuliza."

Utaratibu mpya ukawa hivi. Chumvi inapimwa kwenye mizani. Hakuna mpishi anayeonja masufuria yote. Kila mmoja anaonja moja tu, mara mbili tu, kwa kijiko kidogo. Sufuria la mchuzi ni la Tembo. Jenerali haonji kabisa. Na kila Jumatatu, bila kumwambia mtu hata mmoja nje ya jiko, wanatoa kijiko kimoja cha kulia cha chumvi kwenye kila sufuria, na badala yake wanaongeza vitunguu, nyanya na ndimu mwishoni. Vidonge vya mchuzi vikaachwa kununuliwa.

Siku za mwanzo, wanasema, jiko lilikuwa sinema. Jenerali anasimama juu ya sufuria, mikono imefungwa nyuma, amekodoa macho.

"Ipo?"

"Ipo kidogo," anasema Tembo.

"Kidogo ndiyo nini? Kidogo imepungua au kidogo imezidi?"

"Kidogo... ipo."

"Mungu wangu, mwanamume gani huyu!"

Na mkono wake ulikuwa na akili zake wenyewe. Yuko anaongea na mtu anayeleta nyama, upawa umeshainuka, kiganja kimeshafunguka. Wapishi wakatunga neno la kumzuia. Yeyote atakayeuona mkono ukipanda anapiga kelele "Kiganja!" na jiko zima linaitikia "Kiganja!" na Jenerali anauteremsha mkono kwa aibu, anatukana kidogo, anacheka. Wiki ya kwanza walipiga kelele siku nzima. Wiki ya tatu, mara mbili tatu tu. Nyumbani nako, jioni moja, alitafuna kipande cha mkate wa dukani akakitoa mdomoni.

"Wifi, huu mkate una chumvi!"

"Ndio mkate uleule tunaokula siku zote."

"Basi siku zote una chumvi!" Na akanikumbatia kwa furaha, mkate mkononi, mpaka makombo yakaniingia kwenye kola. Ulimi ulikuwa umeanza kurudi.

Sasa wiki ya tano, Jenerali aliomba ruhusa ya siku moja, Ijumaa, kwenda kwenye harusi ya mtoto wa mdogo wake. Jiko likabaki kwa Tembo. Asubuhi hiyo watu wa ghala walikuwa wameazima mizani na hawakuirudisha. Tembo akazunguka, akauliza, akakosa, na saa ilikuwa inakimbia. Mwishowe akafanya alichokifanya maisha yake yote kabla ya mizani, akatia konzi tatu kila sufuria, na kwa kuwa mambo yalikuwa yamewazidi, hakuna aliyeonja.

Saa saba kasoro, sahani zikaanza kurudi kwenye dirisha la kupakulia na mchuzi wake. Mzee mmoja wa mashine ya kukatia sabuni, ambaye tangu enzi na enzi alikuwa akiongeza chumvi kwenye chakula kabla hata ya kukiangalia, aliingiza kichwa jikoni.

"Jamani, leo mmemwaga gunia? Mnataka kutuua?"

Jumatatu Tembo alimsubiri Jenerali mlangoni, kofia mkononi, akaungama kila kitu. Amewaharibia watu chakula, chakula kimerudishwa, jambo ambalo halijatokea miaka ishirini na sita.

"Ulitia ngapi?"

"Konzi tatu."

"Zilezile za zamani?"

"Zilezile, Jenerali. Nisamehe."

"Na wakarudisha? Hata yule mzee wa mashine?"

"Yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza."

Jenerali alikaa juu ya gunia la mchele akacheka mpaka machozi yakamtoka. Alicheka hadi wengine wakaanza kucheka bila kujua wanachokicheka. Mchuzi uleule, konzi zilezile, watu walewale waliokuwa wakilamba vidole, na sasa hawawezi hata kuumeza. Watu mia tatu walikuwa wamebadilika ulimi bila hata mmoja wao kujua. Alinisimulia jioni ile mara nne, na kila mara nilicheka upya.

Siku ya kupimwa ikafika. Nilikwenda naye, asingenizuia hata kwa polisi. Alivaa gauni la bluu nililomshonea mwenyewe, na njia nzima tuliongea kuhusu vifungo. Daktari alimkalisha dakika tano, miguu chini, mgongo kwenye kiti, akatuambia tunyamaze. Kutunyamazisha sisi wawili kwa dakika tano! Nilihesabu vigae vya ukutani mara tatu. Mkanda ukavimba, ukalegea, mashine ikalia.

"Mia na thelathini na sita," daktari akasema, "themanini na nne."

Akapima tena mkono wa pili, kwa mashine nyingine. Ikawa karibu ileile. Wifi akanitazama, nami nikamtazama. Mimi ndiye niliyelia, kwa sauti, na leso nilikuwa nimesahau. Nilimlilia yeye, na nililia kwa sababu nisingeweza kumzika mtu mwingine wa nyumba ile. Nilimwambia hivyo mbele ya daktari. Akanishika mkono hakuuachia.

Daktari alitaka kujua wamefanyaje, na aliposikia habari ya bakuli alivua miwani akacheka peke yake. Kisha akawa mkali. Dawa haiachwi kwa sababu namba ni nzuri. Namba ni nzuri kwa sababu dawa na chumvi haba vinafanya kazi pamoja. Kila mwezi arudi. Akachukua kalamu, akasaini cheti cha jikoni, akagonga mhuri.

Hakwenda nyumbani. Ilikuwa siku yake ya mapumziko, yuko na gauni la bluu, lakini tulikwenda moja kwa moja kiwandani, yeye mbele na mimi nyuma nikihema. Ilikuwa saa sita na robo. Jikoni wote walijifanya wana kazi. Kuna mtu alikuwa anafuta sufuria lililokwisha kung'aa. Jenerali alimpa Tembo cheti akisome.

Tembo alisoma kwa sauti hadi neno "anafaa", akakwama. Akajaribu tena, akakwama palepale. Mmoja wa wapishi akalipuka, "Mwambieni basi!" na kwa kuwa hakuna aliyekuwa tayari kumwambia, akasema yeye. Meneja alikuwa amemwita Tembo wiki mbili zilizopita akamwekea barua ya upishi mkuu mezani, isubiri tarehe ya kipimo tu. Tembo aliirudisha bila kuisaini. Alimwambia meneja kwamba kama Jenerali anakwenda dirishani, basi waweke viti viwili.

Wifi yangu ni mtu wa maneno. Nimeishi naye, najua.  Siku ile alisimama na gauni lake la bluu kwenye mvuke, uso umelowa, mdomo unafunguka na kufungika. Ndipo Tembo, kwa aibu ya kusemwa, akachota mchuzi kwa upawa akamnyooshea.

"Leo onja, Jenerali. Mara moja tu. Umeshinda."

Hakuna aliyepiga kelele "Kiganja!" Wote walimwangalia. Akainamia upawa, akavuta harufu yake kwa muda, macho amefumba. Halafu akausukuma taratibu ukarudi kwa mwenyewe.

"Onja wewe," akasema.

Tembo akaonja.

"Ipo?"

"Ipo."

"Haya," akasema Jenerali, akijifuta macho kwa mkono wa gauni, "pakueni."